Heko wasanifu wa leza za faiba
Wapo mafundi wanaostahili sifa ingawa kazi yao haionekani kwa macho: wanaosanifu leza za faiba zitoazo mapigo mafupi mno ya mwanga. Pigo moja laweza kudumu femtosekunde 100. Kwa muda huo mwanga, pamoja na kasi yake ya kilomita 300,000 kwa sekunde, husafiri mikromita 30 tu, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida.

Kazi hii inadai subira. Uzi wa kioo hutiwa chembe za ebiamu au itabiamu, kisha leza nyingine ndogo huzipa nishati. Lakini ndani ya uzi rangi za mwanga haziendi kwa kasi moja, hivyo pigo hutawanyika. Msanifu hukata na kuunganisha nyuzi za aina tofauti, akipima urefu wake kwa makini, ili uzi mmoja ukusanye kilichotawanywa na mwingine.

Kutawanyika huko huweza pia kutumiwa kwa faida: mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitumia faiba ya kilomita 1.4 kulirefusha pigo kabla ya kulikuza na kulibana tena. Mwaka 2018 walitunukiwa Nobeli ya Fizikia. Leo mapigo ya femtosekunde hukata konea ya jicho bila kuunguza sehemu za jirani.

Heko kwao wote. Nanyi vijana mpendao fizikia, ingieni katika fani hii, inawahitaji.