Alama ya Njano

Saa moja na nusu asubuhi uwanja wa Brands Hatch, Kent, bado umelowa umande, na jirani yangu amepiga magoti kando ya gari lake, tochi mdomoni. Anapitia nati moja moja. Spana iko mfukoni. Kwa sasa anatazama tu. Kila nati aliyoikaza gerejini aliichora mstari mwembamba wa rangi ya njano, unaoanzia kwenye nati yenyewe na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, hata kwa upana wa unywele, kuna jambo. Gurudumu la mbele kushoto, la mbele kulia, mikono ya suspensheni, usukani, ekseli, mikanda ya viti. Namsubiri nikiwa na vikombe viwili vya chai vinavyopoa. Sijawahi kumharakisha, maana nilichoamkia alfajiri ni hiki pia.

Gari lake halina nembo ya kiwanda chochote. Ukisimama kando yake, bodi inaishia chini ya kiuno chako. Boneti ni ndefu na nyembamba, magurudumu ya mbele yametoka nje kabisa, kila moja na madigadi yake kama ya baiskeli, na taa mbili zimetokeza juu ya vijiti mithili ya macho ya kaa. Milango hakuna. Paa hakuna. Redio, kiyoyozi, zulia, hakuna. Watu wawili huketi bega kwa bega, chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje unaigusa lami kwa ncha za vidole. Jirani yangu ni fundi bomba mstaafu. Alilifanyia kazi gari hili kwa majira manne ya baridi, na muda mwingi kati ya huo aliutumia kuamua nini kisiwemo.

Ukoo wake ni wa Lotus Seven. Colin Chapman, mhandisi kijana wa London, alianzisha kampuni ya Lotus mwaka 1952 katika mabanda ya zamani ya farasi huko Hornsey, nyuma ya baa ya baba yake, na Seven ikatoka mwaka 1957. Wakati ule Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipande vya gari vilipita bila kodi hiyo. Basi Lotus ikauza gari likiwa ndani ya masanduku. Wapenzi wa magari haya husimulia kwamba sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunganisha, kwa hiyo akapewa maelekezo ya kulifungua gari, naye akayafuata kuanzia mwisho. Mwaka 1973 kodi ile ikafutwa, ikaja VAT isiyobagua sanduku na gari zima, na mwaka huohuo Lotus ikaiuza haki ya kuunda Seven kwa kampuni ya Graham Nearn iliyokuwa katika mji mdogo wa Caterham, Surrey. Caterham wanaiunda mpaka leo. Faida ya kodi ilikufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na watu bado wanaagiza masanduku. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Hakuna tena anayebana pesa za serikali kwa kufunga boliti zake mwenyewe. Anafunga kwa sababu anataka kuzifunga.

Wasioweza bei ya Caterham walipata mlango wao mwaka 1996, mwalimu Ron Champion alipochapisha kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujiundia gari la umbo hilo kwa pauni 250 hivi, akitumia mirija ya chuma na vipuri vya Ford Escort kuukuu. Jirani yangu alitumia mara nyingi zaidi ya hizo pauni 250, lakini alianza na kitabu hicho na Escort iliyooza sakafu. Aliponionyesha ekseli yake ya nyuma nilifurahi kwa sababu zangu. Escort ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1972, Hannu Mikkola akiwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kulitwaa taji lile, na Escort nyingine ya Björn Waldegård ikarudia mwaka 1977. Chuma cha jamii ileile iliyopita kwenye tope na vumbi la kwetu Afrika Mashariki sasa kinabeba matako ya kigari cha bustani za Kent.

Kuhusu uzito, nitasema kwa mizani ya nyumbani. Probox tupu, kabla haijapakiwa chochote, ina kama tani moja. Caterham ndogo kuliko zote, Seven 170, ina kilo 440. Injini yake ni Suzuki ya cc 660, ukubwa uleule wa zile Suzuki Carry ambazo Dar es Salaam tunaziita Kirikuu. Injini ya kubebea nyanya, ila yenye tabo, na ukiipa mzigo mdogo namna ile inaruka kama swala. Wepesi husaidia kila mahali kwa wakati mmoja. Breki zinasimamisha kilo chache, matairi yanashikilia kilo chache kwenye kona, springi zinaweza kuwa laini, hata boliti zinaweza kuwa nyembamba. Kilo moja ukiiondoa hapa inafungua njia ya kuondoa nyingine kule.

Wepesi una hatari yake pia, na anayependa magari haya asiifiche. Lotus za mbio zilisifika kwa kasi na kuogopwa kwa udhaifu, na wapo madereva waliovunjikiwa na chuma wakiwa kwenye mwendo. Jirani yangu anajua historia hiyo vizuri. Hupunguza kila mahali isipokuwa kwenye kile kinachomshikilia mtu.

Kazi ilianza na ubao. Aliweka ubao bapa mkubwa kuliko mlango, akachora fremu juu yake kwa ukubwa halisi, kisha akapigilia vipande vya mbao kando ya mistari ili mirija isihame. Mirija yenyewe ni ya mraba, milimita 25 kila upande. Alikata mmoja, akapiga tupa, akaupachika, akautoa, akapiga tupa tena, mpaka miisho miwili ilipokutana na mwanga wa taa usipenye kati yake. Ndipo akachomelea nukta ndogo, basi. Fremu nzima ilishikwa kwa nukta kabla hajathubutu kuchomelea kiungo kimoja kikamilifu. Na alipofika hapo alichomelea kwa kurukaruka: kidogo mbele kushoto, kidogo nyuma kulia, anaacha ipoe, anarudi. Chuma kikipata joto upande mmoja, wakati wa kupoa hujivuta kuelekea huko, na fremu iliyovutika kwa namna hiyo nyundo hainyooshi. Nilipokuwa mdogo nilimwona fundi wa ngalawa akizunguka gogo lake vivyo hivyo, shoka huku, shoka kule, asikae upande mmoja hadi ukamalizika. Nilidhani anapumzisha mkono.

Mraba wa mirija ukisukumwa pembeni hulala, kama stuli iliyolegea. Pembetatu haiendi popote. Mafundi wa mapaa wanalijua hilo tangu zamani. Kwa hiyo fremu imejaa mirija ya mshazari, na pale ambapo mrija ungeziba nafasi ya miguu au shafti, bati jembamba la aluminiamu lililopigwa ribiti linashika zamu. Bati hilo ni ukuta, na papo hapo ni mfupa. Hii ndiyo akili ya Chapman ninayoipenda kuliko zote: kipande kifanye kazi mbili. Kwenye Lotus 49 ya mwaka 1967 alifika mbali zaidi, injini yenyewe ikawa sehemu ya mwili wa gari, magurudumu ya nyuma yakaning'inia kwayo. Katika gereji ya fundi bomba wazo hilohilo linaonekana kwenye mistari ya ribiti iliyopangwa kwa rula, kila tundu likiwa limefutwa vumbi la chuma, na gundi ikiwa imepakwa kati ya aluminiamu na chuma ili metali hizo mbili zisigusane zikaanza kulana kwenye unyevu.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mizani. Aliazima mizani nne bapa, moja kwa kila gurudumu, akasawazisha sakafu kwa pima maji na vipande vya vigae. Kwenye kiti cha dereva aliweka mifuko ya mchanga yenye uzito wake mwenyewe, maana katika gari la kilo mia tano na kitu dereva ni sehemu kubwa ya mzigo. Akaliminya gari mara kadhaa springi zitulie, akasoma. Anachotafuta ni kwamba gurudumu la mbele kushoto ukilijumlisha na la nyuma kulia, jumla ikaribiane na ya yale mawili mengine. Zikiachana sana, gari litakata kona kwa utii upande mmoja na kukaidi upande wa pili. Marekebisho hufanywa kwa kuzungusha kola iliyo kwenye springi, na hapo ndipo mtu hujulikana. Ukiinua pembe moja, inabeba zaidi, na iliyo mkabala nayo kwa mshazari inabeba zaidi pia, huku mbili zilizobaki zikipunguziwa, kama kitanda cha kamba chenye mguu mmoja mrefu. Robo mzunguko. Anaminya tena, anasoma, anaandika kwenye karatasi kwa penseli. Nusu mzunguko kule. Anaminya. Tulianza baada ya chakula cha mchana. Nilipotoka nje kulikuwa na giza na baridi imeuma miguu, naye alikuwa amebakiza tofauti ya kilo tatu. Kesho yake akarudi kuzifuata hizo tatu.

Gari la kuunda mwenyewe haliingii barabarani Uingereza hadi likaguliwe na serikali, kipande kwa kipande. Mkaguzi ana hata tufe la milimita 100, na popote litakapogusa nje ya gari, ukingo unatakiwa uwe umeviringwa angalau milimita 2.5, usimkate mtu atakayegongwa. Wengi hulalamikia kanuni hiyo. Mimi nilimwona jirani yangu akizungusha msasa kwenye ukingo wa madigadi jioni nzima, na naamini wote wawili, yeye na aliyeiandika kanuni, walikuwa wanamfikiria mpita njia yuleyule.

Siku ya uwanja, kama hii ya leo, si mashindano. Mwenye uwanja anaukodisha kwa watu wa kawaida, waje na magari yao. Saa za kupima mizunguko haziruhusiwi. Unapita gari jingine kwenye sehemu iliyonyooka tu, tena kwa ridhaa ya anayepitwa. Kuna darasa fupi la bendera, kuna helmeti, kuna mizunguko ya kwanza nyuma ya gari la kiongozi, na kabla ya yote kuna kipimo cha kelele: kifaa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, injini ikivutwa hadi robo tatu ya kasi yake ya juu kabisa. Majirani wa uwanja wana haki ya kulala. Jirani yangu alikuwa amejaza sufi mpya ndani ya silensa, akapita kwa nafasi ya kutosha.

Nilikaa kiti cha abiria. Kona ya kwanza ya Brands Hatch, Paddock Hill, inapinda kulia huku ardhi ikiporomoka ghafla, na tumbo linabaki juu kidogo kabla ya kufuata. Kisha mlima wa Hailwood, kisha Druids, inayojikunja kama kiwiko. Gari kubwa la bei mbaya lilitupita kabla ya mlima, likaanza kufunga breki mapema, na tukaliona likikaribia mpaka tukaweza kusoma namba zake. Lakini macho yangu hayakukaa huko. Kwenye gari la kawaida suspensheni imefichwa na bodi. Hapa gurudumu la mbele liko wazi, hatua moja kutoka usoni, na unaona likipanda, likishuka, likimeza kijiwe na kurudi, mikono miwili ya chuma ikipumua nalo. Mikono ile niliijua ikiwa mirija mitupu juu ya ubao. Katikati ya kona, uzito wote ukiwa umeliegemea gurudumu lile, niliiona alama ya njano kwenye nati ya mkono wake, imenyooka.

Jirani yangu haongei akiendesha. Mzunguko wa tano aliinamisha kichwa kidogo upande wangu, kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa, akapunguza mwendo, akaingia pembeni. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Alifungua boneti, akakuta bomba dogo la maji linagusa fremu na kutetemeka. Akakata kipande cha mpira, akakifunga hapo, akarudi uwanjani.

Mwezi Mei atalipeleka Stoneleigh, Warwickshire, ambako kwa miaka mingi waundaji wa magari haya wamekuwa wakikutana kwenye maonyesho yao. Nimeenda naye mara mbili. Magari yanang'aa, ila watu wanalala chali kwenye nyasi kutazama chini yake. Wanaulizana umepitisha wapi waya, kiungo hiki umekichomelea kwa nini namna hii, na anayeulizwa anaeleza yote. Sijamsikia hata mmoja akificha ufundi wake. Kijana mmoja alipiga picha safu ya ribiti za jirani yangu na kumwomba ampimie umbali kati yake. Mzee akatoa rula mfukoni.

Leo saa kumi na moja bendera imeteremshwa. Injini inalia tik, tik, ikipoa. Watu wengine wanafunga magari yao kwenye matrela. Yeye amerudi magotini, tochi mdomoni, kuanzia mbele kushoto. Anafika nyuma kulia na kukaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Ananiita kwa kidole. Mstari wa njano kwenye nati ya shokapu umekatika, chini ya milimita moja. Ananyoosha mkono bila kugeuka, nami nampa spana.