Mnyonya Damu Anayebisha Hodi

Mnyonya damu aliyetungwa vizuri havunji mlango. Ana nguvu za kung'oa bawaba, anaweza kugeuka popo, anaweza kuwa ukungu akapenya kwenye ufa, lakini mara ya kwanza havuki kizingiti mpaka mmoja wa watu wa nyumba hiyo amkaribishe. Bram Stoker, Mwairishi aliyechapisha riwaya ya Dracula mwaka 1897, alilitaja sharti hilo kisha akalitumia bila huruma. Mina, mmoja wa wahusika wake wakuu, amelala katika nyumba ya daktari, akidhaniwa yuko salama. Wanaume mashujaa wametoka kumsaka adui. Anayemfungulia adui njia ni Renfield, mgonjwa wa akili aliyelazwa humo humo, baada ya kuahidiwa panya kwa maelfu. Msomaji akifika hapo anakosa wa kumlaumu. Komeo halijaguswa.

Mtu aliyelelewa Singida hahitaji mhakiki wa kumweleza uzito wa jambo hilo. Huku mgeni husimama nje, akabisha hodi, akangoja. Asipoitikiwa mara ya tatu anakwenda zake. Akiitikiwa, mambo yamebadilika: ataletewa kiti, ataletewa maji, na hata kama jana mligombana juu ya mpaka wa shamba, hutamfukuza kabla hajasema kilichomleta. Na wengi wetu huitikia "karibu" tukiwa jikoni, mikono imejaa unga, hata hatujamwona anayeita. Ningekuwa mnyonya damu ningehamia mkoa huu bila kusita, isipokuwa kwa ajili ya jua, ambalo nitalifikia.

Watunzi waliokuja baadaye walilichezea sharti hilo kwa ujanja wa mawakili. Katika tamthilia ya The Vampire Diaries, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2009 na ambayo huku ilizunguka kwa kupeana flashi, nyumba inaandikwa kwa jina la msichana Elena ili yeye ndiye awe na mamlaka ya kukaribisha au kukataa. Hati ya nyumba inakuwa kinga bora kuliko bunduki. Tuliitazama tukiwa wapangaji, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido moja na choo cha pamoja, tukabishana hadi usiku wa manane. Mpangaji akisema karibu, inahesabika? Na kama anadaiwa kodi je? Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipita na ndoo, ndiye aliyefunga mjadala: "Nyumba ni yangu, wanangu. Hakuna jitu litakalolala humu bila kulipa miezi sita mbele."

Ninachowasifia mafundi wa hadithi hizi ni hayo masharti. Damu ni rahisi, yeyote mwenye kalamu anaweza kuimwaga kwenye karatasi. Kazi ni kumchukua kiumbe mwenye nguvu zote ukampa vizuizi vichache, ukavitaja mapema, ukaviheshimu hadi mwisho. Bibi zetu waliijua kazi hiyo. Katika ngano, jini mwanamke akikubali kuolewa na binadamu hutanguliza masharti yake kabla ya mahari: usinifuate Ijumaa usiku, usifungue chumba cha saba, usimwambie mtu mimi ni nani. Msikilizaji anajua pale pale kwamba chumba cha saba kitafunguliwa. Habanduki, kwa kuwa anataka kujua kitafunguliwa na nani na kwa tamaa ipi.

Katika masharti yote, ninalolipenda zaidi ni la udongo. Dracula hapati mapumziko ila ndani ya udongo wa kwao, kwa hiyo anapohamia Uingereza anasafirisha masanduku 50 ya udongo kutoka Transilvania, kwa meli, kwa hati za mizigo, kwa mawakili na wachukuzi. Stoker anatufuatisha makaratasi hayo hatua kwa hatua, na wanaomwinda Dracula wanamdhoofisha kwa kuyatafuta masanduku na kuyatia wakfu moja baada ya jingine. Ni sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka. Mimi huisoma polepole. Humo namwona mzee wa Kinyaturu aliyekaa Dar es Salaam tangu ujana, mwenye nyumba huko na wajukuu wasiojua Kinyaturu, ambaye ameshawaambia watoto wake kwamba siku yake ikifika arudishwe nyumbani. Na watamrudisha. Watachangishana, watakodi gari, watasafiri usiku kucha kupitia Morogoro na Dodoma, karibu kilomita 700, ili alale walipolala baba zake. Kiumbe asiyeweza kupumzika nje ya udongo wa kwao tunamfahamu. Ndiyo maana Dracula, pamoja na uovu wake wote, hunitia huruma ambayo sidhani Stoker aliikusudia.

Sasa jua. Wengi hudhani Dracula huteketea juani, kumbe katika riwaya ya Stoker anatembea mchana mitaani London, amepungukiwa nguvu tu. Jua la kuua lililetwa na filamu ya Kijerumani, Nosferatu ya mwaka 1922, iliyoongozwa na F. W. Murnau, likapendwa na watunzi likabaki. Kwa sharti hilo mkoa wetu ungewamaliza wote. Singida ni nusu jangwa. Mvua ina msimu wake mmoja, na ikishakatika anga hukaa wazi miezi kwa miezi, upepo unavuma, na mashamba ya alizeti, zao lililoupa mkoa sifa, hayana kivuli cha kumsitiri hata kunguru. Stephenie Meyer alipoandika Twilight, iliyotoka mwaka 2005, aliwaweka wanyonya damu wake Forks, mji wa kweli katika jimbo la Washington unaojulikana kwa mawingu na mvua. Hapo alifanya uamuzi wa fundi. Kisha akauharibu mwenyewe: jua likiwapata hawaungui, ngozi zao zinameremeta. Sharti lisilo na adhabu limebaki pambo.

Hata hivyo sitamcheka Meyer kama wanavyomcheka wasomi. Alipolipoteza jua alishika njaa. Edward, mnyonya damu wake, anampenda Bella, msichana binadamu, na harufu ya damu ya Bella ndiyo inayomtesa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kila anapomsogelea ni mtu aliyefunga ambaye futari imewekwa mbele yake na adhana haitasomwa kamwe. Kurasa nyingi hazina tukio lolote. Ni watu wawili wameketi karibu, basi, na msomaji amebana pumzi. Katika riwaya zetu za mapenzi kizuizi huwa ni wazazi, au mahari, au dini, au tajiri mwenye gari. Hapa kizuizi kiko kinywani mwa mpenzi mwenyewe. Wanaosema vitabu hivi ni vya wasichana wadogo wajaribu kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2005, Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani, alitoa riwaya yake ya mwisho, Fledgling. Mhusika wake Shori ana ngozi nyeusi kwa sababu wazee wa ukoo wake walichanganya asili yao na ya binadamu Mweusi, ili apate mwili wa kustahimili mchana. Weusi wake ndio nguvu yake, na wapo katika jamii yake ya wanyonya damu wanaomchukia kwa ajili hiyo hadi kutaka kumuua. Sharti ni lile lile la jua. Butler aliuliza tu nani haungui. Shori angeweza kutembea hapa saa saba mchana, kutoka stendi ya mabasi hadi kando ya Ziwa Singidani, na mtu asigeuke kumtazama mara mbili.

Wapo wanaoniuliza, hasa wazee, raha hii naitoa wapi katika nchi ambayo watu wamekufa kwa hofu ya namna hii. Swali lao ni la haki. Hapa hapa Singida, mwishoni mwa miaka ya 1940, watu walikutwa wameuawa na miili yao imeraruliwa kama kwa makucha. Ikasemwa kuna watu-simba, binadamu waliofugwa na wenzao, wakavalishwa ngozi, wakatumwa kuua. Serikali ya kikoloni ilikamata watu na kuwapeleka mahakamani. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Wanyaturu, bado alikuwa akiandika juu ya mambo hayo mnamo 1982. Katika Nairobi na Kampala za enzi hizo walioogopwa walikuwa wazimamoto, waliodaiwa kukamata watu na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000. Wala hayakuishia ukoloni. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, kwa jirani zetu wa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu.

Nimeyawaza hayo mara nyingi nikiwa na riwaya mkononi, na tofauti ninayoiona ni ya kiufundi. Mumiani, mnyonya damu wa uvumi, hana uso wala jina wala sharti. Yeyote aweza kuwa yeye: mwenye gari geni, mwenye koti jeupe, mwenye chupa na kalamu. Na kwa kuwa hakuna asichoweza, hakuna kitu ambacho mtu anayeshukiwa anaweza kukifanya ili aonekane siye. Popobawa aliyeitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 alikuwa na sharti moja maarufu, nalo hunichekesha kwa uchungu: ilisemekana aliyevamiwa ni lazima awatangazie wengine, la sivyo atarudiwa. Jini wa ngano hutaka siri. Uvumi hutaka kusambazwa, ukajitungia sharti la kuusambaza.

Riwaya humkalisha mnyonya damu kitini, ikamuuliza jina lake, alikozaliwa, njaa yake, aibu yake, na asichoweza kufanya. Anne Rice alimwekea hata kinasa sauti: katika Interview with the Vampire ya mwaka 1976, Louis anakaa chumbani na kijana mwandishi wa habari akamsimulia maisha yake, na sisi tunasikiliza. Ukishamsikiliza mtu kwa kurasa 300 mkono unakuwa mzito kuokota jiwe. Sidai kwamba rafu ya riwaya ingewaokoa wale wa Chamwino. Ninachodai ni kwamba mzee anayeniuliza na mimi ninayesoma tunaogopa vitu viwili tofauti, ingawa vyote vina kiu ya damu.

Kwetu ufundi huu upo, umetawanyika. Muhammed Said Abdulla alituwekea mzimu kwenye jalada, Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, kisha mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake akatuonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Kama mpenzi wa upelelezi nilishangilia. Kama mpenzi wa mizimu niliona nimedhulumiwa. C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, hakutupa nafuu hiyo. Gusto anarithishwa uchawi na baba yake, na urithi huo si ng'ombe ambao mtu anaweza kuwauza akasahau. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi akaleta filamu ya Shumileta, jini wa kike aliyempenda binadamu, na vibanda vya video vikajaa watu waliolipa kiingilio ili waogope pamoja. Kila mmoja wao angeweza kumwambia mtengenezaji jini anapaswa kufanya nini na hapaswi kufanya nini.

Siku hizi mafundi wengi wako kwenye simu. Wanauza simulizi vipande vipande, kila kipande kikikatwa pale roho inapotaka kutoka na kuandikwa "Itaendelea". Unatuma hela kidogo, unatumiwa kinachofuata. Uhariri hakuna, majina ya wahusika huweza kubadilika katikati ya safari, lakini wateja ni wakali. Mtunzi mmoja niliyekuwa nikimfuatilia alikuwa na mke jini asiyegusa chumvi. Sharti hilo lilitajwa mapema na kwa ustadi, bibi harusi aliposukuma kando sahani ya pilau akasingizia tumbo. Sehemu nyingi baadaye mtunzi akamketisha bibi huyo mgahawani, hapa Singida mjini, akila kuku wa kienyeji wa kuchoma na kulamba vidole. Wasomaji walikuja juu usiku ule ule. Chumvi! Mmoja alitaka arudishiwe hela zake zote tangu sehemu ya kwanza. Mtunzi akanyamaza kutwa nzima, kisha akatoa kipande kifupi, cha bure: kuku yule alichomwa bila chumvi, mpishi alikuwa amehongwa tangu asubuhi, na mume, aliyenyoosha mkono akadokoa paja kutoka sahani ya mkewe, hapo ndipo alipoanza kushuku. Itaendelea. Tulilipa wote, na yule wa kudai hela zake alikuwa wa kwanza.