Mwandishi Humjibu Nani? Jina la Nyumbani, Lakabu na Jalada la Kitabu

Ofisi ya uraia na uhamiaji inayohudumia eneo la Dallas iko katika mji wa Irving, Texas. Waafrika Mashariki wa miji ya jirani huifahamu, kwa kuwa huko ndiko wengi wao huitwa kuhojiwa wanapoomba uraia. Katika fomu ya maombi mna swali ambalo ni rahisi kulipita haraka: je, mwombaji angependa kubadili jina lake kisheria? Mtu aliyezaliwa Pemba au Mombasa, akapewa jina moja na kulifuatisha na la baba na la babu, mara nyingi huwa ameshabadilishiwa jina kabla hajalijibu swali hilo. Jina la babu limegeuka kuwa la ukoo, na karani humwita mjukuu kwa jina la mzee aliyekwisha kuzikwa zamani.

Swali la fomu hiyo linamhusu pia mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuchapisha kitabu ughaibuni. Aandike jina gani juu ya jalada? Mjadala wa jina halisi na jina la kubuni huwa na majibu mawili yaliyozoeleka: kwamba anayetumia lakabu anajificha, au kwamba anajipamba. Majibu yote mawili yanachukulia kuwa kila mtu ana jina moja la kweli, na kwamba mengine yote ni vazi tu. Historia ya fasihi ya Kiswahili haikubaliani na dhana hiyo. Inaonyesha waandishi wenye majina kadhaa ya kweli, ambao huchagua miongoni mwake kulingana na hadhira wanayotaka kuwajibika kwayo.

Mfano ulio wazi ni wa mwandishi wa *Asali Chungu* na *Utengano*. Wasomaji wa riwaya wanamjua kwa jina la Said Ahmed Mohamed. Wanaosoma makala za kitaaluma kuhusu riwaya na ushairi wa Kiswahili, hasa zile alizoandika alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, humkuta kama Said A. M. Khamis. Hapa hakuna jina la kubuni hata moja. Kilichobadilika ni mahali mnyororo wa nasaba unapokatwa: msanii anaishia kwenye Mohamed, mhakiki anasogea pingu moja mbele. Hata hivyo, orodha ya maktaba isiyojua utaratibu wa majina ya pwani inaweza kuwahesabu kuwa watu wawili.

Penina Muhando alifika kwenye hali kama hiyo kwa njia nyingine. Tamthilia zake, kuanzia *Hatia* ya mwaka 1972 hadi *Nguzo Mama* ya 1982, zimebeba jina alilozaliwa nalo. Kitabu chake cha Kiingereza kuhusu ukumbi wa maonyesho na maendeleo, kilichotoka mwaka 1991, kimebeba jina la Penina Muhando Mlama, ambamo Mlama ni jina la ndoa. Kwa mwandishi wa kike suala hili lina uzito ambao wanaume hawalazimiki kuubeba: ndoa ikimkuta tayari ana msomaji, ni lazima aamue kama msomaji huyo atahama pamoja naye. Muhando hakumhamisha. Mtazamaji wa *Nguzo Mama*, mchezo unaohoji nafasi ya mwanamke katika jamii, hukutana na mtunzi kwa jina lile lile alilolijua kabla.

Mfano wa tatu una ucheshi wa lugha yenyewe. Mwandishi wa *Siku Njema*, riwaya ya mwaka 1996, alijulikana kwa umma kama Ken Walibora. Alipoandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State kuhusu masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Kenya, jina la nyumbani lilirudi na kukaa mwishoni: Ken Walibora Waliaula. Sikio la Kiswahili halihitaji kuelezwa mengi. "Aula" ni "bora". Lakabu inasikika kama tafsiri ya jina la nyumbani, ikilisogeza neno ambalo Mswahili huliona zito hadi kwenye neno ambalo kila mtoto wa shule analifahamu. Kuliita hilo jina la uongo ni kukosea. Ni jina lile lile likizungumza na watu wengi zaidi.

Desturi hii haikuanza na vyuo vikuu. Watunzi wengi wa tenzi za kale walijitaja ndani ya utungo, aghalabu karibu na mwisho, ili ajulikane nani wa kuombewa dua na nani wa kulaumiwa ikiwa pana kosa. Jina halikuwa tangazo, lilikuwa dhamana. Ndivyo pia zinavyofanya kazi lakabu za malenga. Ahmad Nassir alipotolewa kwa Wamarekani mwaka 1966, katika tafsiri ya Lyndon Harries iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliandikwa kwa nasaba: Ahmad Nassir bin Juma Bhalo. Nyumbani, diwani yake ya mwaka 1971 ilipewa anwani ya *Malenga wa Mvita*, na anwani ikawa yeye. Jina la kwanza linamweleza mgeni huyu ni mtoto wa nani. La pili linawaambia watu wa Mombasa kwamba mshairi huyu ni wao, na wana haki ya kumdai.

Nduguye, Abdilatif Abdalla, alionja upande mchungu wa suala hili. Mwaka 1968 kijitabu *Kenya: Twendapi?* kilisambazwa bila jina lake. Dola ilimtafuta mwenye maneno ikampata, na akafungwa hadi mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yalitoka mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*, safari hii jina lake likiwa wazi juu ya jalada, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata tuzo iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilimfunga. Tukio hili hutajwa kama kinaya, lakini lina funzo zaidi ya kinaya. Kutotia jina kulikuwa haki ya mtu asiye na ulinzi. Kutia jina, baada ya adhabu kukwisha kutolewa, kulikuwa kukataa kwamba pana la kuonea haya.

Hoja ya kupinga majina mengi ina nguvu, nayo isipuuzwe. Msomaji asiyejua kwamba Khamis ni Mohamed anakosa kuona jinsi mhakiki alivyomsahihisha mtunzi, na mtunzi akamjibu mhakiki. Ni wajibu wa wahakiki na wakutubi kuunganisha majina hayo, maadamu wenyewe waliyatumia hadharani. Lakini kuunganisha si sawa na kufichua. Anayemtoa hadharani mwandishi aliyeamua kunyamazisha jina lake kwa sababu ya hofu anafanya kazi ambayo askari wa mwaka 1968 aliifanya kwa mshahara.

Kwa mwandishi wa Kiswahili aliyeko Irving au Houston, kishawishi kikubwa leo huenda si hofu ya gereza, bali wepesi: kuchukua jina ambalo mhariri na msomaji wa Kimarekani watalitamka bila kusita. Wepesi huo si dhambi. Walibora naye alilainisha jina. Tofauti ni kwamba alililainisha kuelekea kwa wasomaji wa lugha aliyoandikia. Anayeandika kwa Kiswahili kisha akachagua jina kwa ajili ya asiyesoma Kiswahili amekata rufaa kwa baraza ambalo halina uwezo wa kumsikiliza.

Karani wa uhamiaji ana haki ya kuuliza jina lipi liandikwe kwenye hati ya uraia. Jalada la kitabu linauliza swali jingine: siku msomaji atakapokuwa na neno la kusema, amwite nani?