ECG Iliyo Kilomita 370 Kutoka Nairobi

Mwenye maumivu ya kifua akifika hospitali ya rufaa ya Garissa, miongozo ya kimataifa inataka ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ipigwe na kusomwa ndani ya dakika 10. Miongozo hiyo hiyo inasema tiba bora ni kuzibua mshipa kwa puto, mradi iwezekane ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Nairobi iko takriban kilomita 370. Kutoka Mandera ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata ndege ikipatikana, kuiita, kumpakia mgonjwa na kupenya foleni za jijini humaliza muda huo. Kwa hiyo karatasi ile ya ECG si ya kuambatanisha na barua ya rufaa tu. Inaulizwa jambo moja: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ianze sasa, au isianze?

Utafiti wa ISIS-2 wa 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba streptokinase, mojawapo ya dawa hizo, pamoja na aspirini zilishusha vifo vya moyo na mishipa ya damu ndani ya wiki tano kutoka asilimia 13.2 hadi 8.0. Lakini streptokinase haikuwafaa wale ambao sehemu ya mchoro iitwayo ST ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo kazi ya msomaji inapoanza. Vijana wengi wenye afya, hasa wanaume Waafrika, wana ST iliyoinuka kimaumbile. Presha ya miaka mingi nayo hunenepesha moyo na huweza kuiinua ST hiyo. Mpingaji atauliza: asiye na mshtuko wa moyo akipewa dawa, akavuja damu ubongoni, itakuwaje? Hoja hiyo ni nzito, maana hatari yenyewe inakaribia mgonjwa 1 kati ya 100. Ila dawa yake ni kutafuta ushahidi wa pili, si kungoja Nairobi. ST ikiinuka katika sehemu za mchoro zilizoandikwa II, III na aVF, itazamwe ile ya aVL: ikiwa imeshuka, shaka inapungua sana. Kipimo kirudiwe kila dakika 15 hadi 30, elektrodi zikiwa palepale. Maumbile hayageuki kwa nusu saa. Mshipa unaoziba hugeuza mchoro.

Kumtumia bingwa wa moyo picha ya mchoro kwa simu kunasaidia, ila bingwa haoni elektrodi za kifuani V1 na V2 zilizobandikwa juu mno, kosa la kila siku linaloweza kuigiza kovu la mshtuko wa zamani. Na ile ST iliyoshuka isiharakishwe kutupwa. Ikishuka V1 hadi V3 pekee, huenda ukuta wa nyuma wa moyo ndio unaokosa damu. Elektrodi tatu zikihamishiwa mgongoni, V7 hadi V9, huweza kuonyesha ST iliyoinuka, na huyo anastahili dawa ileile.