Maskini Haokoti: Methali na Nafsi ya Mnyonge

Methali isemayo "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba" hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni lawama kwa jamii imdhaniayo mnyonge vibaya. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini yaegemea nusu ya pili tu. Uzito umo katika kitenzi cha kwanza: haokoti. Kabla hajashtakiwa, maskini amekwisha kuuzuia mkono wake mwenyewe.

Tuipime kwa hali ya Kilifi na Malindi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani waandikishe madai yao. Isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi wakawa maskwota katika mashamba waliyokuwa wakiyalima. Aishiye hivyo husita kupanda mnazi, mti wa miaka mingi, asije akaambiwa anajitwalia ardhi ya watu. Mpita njia humwita mvivu. Methali yajua zaidi: huo si uvivu, ni woga uliofunzwa. Mwalimu aifundishaye bila kulieleza hilo humwacha mwanafunzi maskini ajilaumu nafsi yake.