Upanga wa Kilo 40

Kuna hadithi niliyoiandika nikiwa mwaka wa pili chuoni, na shujaa wake anabeba upanga wa kilo 40. Niliisoma kwa sauti, kwa madaha yote, nyumbani kwetu Kongowe (ya Kibaha hii, siyo ile ya Mbagala), mjomba wangu akiwa chini ya mwembe anatia mpini kwenye panga lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, huyo mtu wako akishaushusha, anausimamisha na nini?"

Sikuwa na jibu. Hadithi ikarudi kwenye begi, nami nikaishia kuandika habari.

Juzi nimeifukua, kwa sababu nasoma hadithi nyingi za mapigano zinazopita kwenye simu, na nyingi zina ugonjwa wangu. Panga zinang'aa, zina majina, zinatoa moto. Uzito hazina. Au zinao wa kilo 40, ambalo ni jambo lilelile. Panga za vita za Ulaya ya kale, zile za mkono mmoja, nyingi zilikuwa na kilo moja na kidogo. Tena kilo peke yake hazisemi kitu. La kuuliza ni zimekaa wapi.

Chukua panga la shamba ulilaze juu ya kidole. La mjomba linatulia mbali na mpini, kuelekea kwenye ncha, kwa sababu bapa linapanuka huko. Ukilishusha kwenye kichaka linakata karibu lenyewe. Jaribu kulirudisha juu haraka ndipo utajua. Upanga wa vita aghalabu unasawazika jirani na mpini, maana mwenye nao lazima ageuze mkono kabla adui hajageuza wake. Yaani ukimpa shujaa wako panga la shamba, pigo lake la kwanza linaweza kuwa la kutisha, ila kati ya la kwanza na la pili ana shida. Hapo katikati ndipo hadithi ilipo, na ndipo waandishi wetu wanaporuka.

Halafu kuna mtetemo. Piga kisiki kikavu: safari hii mkono unakufa ganzi mpaka kiwiko, safari nyingine husikii kitu. Bapa likitetemeka lina sehemu mbili zinazobaki zimetulia, moja upande wa ncha, nyingine upande wa mpini. Ukipiga kwa ile ya kwanza, bapa halipigi kelele sana. Ile ya pili ikiangukia kiganjani, mkono unasalimika. Wachezaji wa razha kule Omani wanalijua hili kwa mwili. Wanautikisa upanga mpaka bapa lake jembamba linatetemeka, kisha wanautupa juu na kuudaka kwa mpini. Hewani upanga unazunguka palepale unaposawazika. Asiyepajua atadaka makali.

Je, watunzi wetu wa kale walikosea? Nimeurudia Utenzi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, beti zaidi ya elfu moja. Humo sikutafuta bega lililochoka, wala sikulihitaji. Utenzi una mizani. Neno ni hilohilo, la muuza nyama na la mshairi! Silabi 8 kila kipande, kina kinagonga, na pigo linafika kwa wakati wake. Sikio ndilo linalobeba chuma. Sisi wa nathari tumechukua makali ya tenzi tukaacha mizani, halafu tunashangaa msomaji hashtuki.

Na tusisingizie kwamba masimulizi yetu hayana mfano. Kisa cha Liongo, kama kilivyochapwa na Edward Steere mwaka 1870, kinamuua jitu kwa sindano ya shaba kitovuni. Sindano! Anaamka na maumivu, anachukua upinde na mishale, anapiga goti karibu na kisima, na anafia hapohapo akiwa tayari kupiga. Watu hawathubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, na maiti imewazuia wote kwa namna tu ilivyoshika silaha. Msimulizi hakusema upinde ulikuwa na nguvu kiasi gani. Alimpigisha goti. Kwangu mimi hilo ndilo tukio bora la silaha katika Kiswahili, na ndani yake hakuna hata upanga mmoja.

Nimefuta zile kilo 40. Sasa shujaa wangu ana panga kama la mjomba, ameshapiga mara mbili, la pili limeingia kwenye mlango wa mninga na mkono umekufa ganzi. Nyuma yake kuna mtu anakuja. Nimekwama hapo tangu Jumapili.