Ndege ya Kwanza ya Michezo Sahihi ya Angani, kwa Pepo za Kipungani

Mwaka 1967, huko Corsica, Mmarekani Phil Kraft alitwaa ubingwa wa dunia wa ndege za rimoti kwa ndege aliyoibuni mwenyewe, Kwik Fli. Bawa lilikaa chini ya mwili, umbo halikuwa na madoido, na wajenzi wengi waliifuata ramani yake baadaye. Anayetafuta ndege ya kwanza ya michezo sahihi akiwa Kipungani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, na aanzie hapo: ndege ya kazi hii ni ile isiyofanya neno mpaka iamriwe.

Sababu iko kwenye hukumu. Katika daraja la F3A la shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, kila zoezi hupewa alama hadi 10, na kosa la pembe la nyuzi 15 hivi hukata alama moja. Ndege hupita kama mita 150 mbele ya waamuzi. Vidhibiti vya jairo haviruhusiwi, kwa hiyo usafi wa mstari hutoka kwenye umbo la ndege na vidole vya rubani.

Ndege nyingi za kujifunzia zina bawa juu ya mwili, tumbo la bawa bapa na ncha zilizoinuliwa. Mwanagenzi akiachia vijiti, ndege hujiweka sawa. Lakini ipindue: bawa lililoundwa kubeba upande mmoja litaivuta chini, nawe utasukuma kijiti muda wote. Ilaze ubavu, uishikilie kwa usukani wa mkia, na zile ncha zitaibiringisha. Chagua basi bawa lenye mgongo na tumbo sawa, lililopita katikati ya mwili au karibu yake, ncha zikiinuka kidogo tu au zisiinuke kabisa.

Ukubwa huamuliwa na upepo. Ufuo mrefu unaotoka Shela kuelekea Kipungani umelala karibu sambamba na kaskazi, kwa hiyo majira hayo utapita kinyume cha upepo na kurudi nao, mistari ikinyooka. Kusi hutoka baharini na kuisukuma ndege kwako na kwenye vilima vya mchanga. Ndege nyepesi mno, zile za kuning'inia kwa propela, hazitastahimili. Bawa la mita 1.2 hadi 1.5 linatosha kuanzia: huonekana kwa mbali na bado hubebeka. Mabingwa huruka na mita 2, kikomo cha F3A. Mazoezi ya kwanza yafanye wakati wa maleleji, au asubuhi upepo ukiwa umetulia.

Kwa mwili, povu gumu linafaa kuanzia: likivunjika hugandishwa, na maji ya chumvi hayaliozeshi. Balsa ni imara na sahihi zaidi, lakini ingoje mkono ukomae. Mota ya umeme hupunguza matatizo ya mafuta na mchanga. Betri isikae juani. Baada ya kuruka, futa vyuma kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi hula beringi na nyaya.

Kabla ya kulaumu ndege, pima ulinganifu wa uzito wake. Ipandishe kwa nyuzi 45, kisha ipindue. Ikishuka sana pua, imelemea mbele kama dau lililojazwa mizigo omoni. Sogeza betri nyuma. Ikijipandisha yenyewe, irudishe mbele. Kuchanganya amri za vijiti kwenye rimoti kuje mwisho, kurekebishe mabaki tu.

Jambo lisilo la hiari: kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya anga visivyo na rubani husimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na ndege za abiria hutua kisiwa jirani cha Manda. Uliza na upate ruhusa, kisha chagua saa ambayo wavuvi na punda hawako ufuoni. Ukishapata hayo, anza na mstari mmoja ulionyooka. Ukiumudu pande zote mbili za upepo, mduara utafuata wenyewe.